Misuli Iliyokakamaa na Dawa Isiyokatizwa Ghafla

Muhadhara uliotolewa msikitini baada ya swala ya laasiri, katika siku za mwisho za mwezi wa Shaaban



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, wazee wetu, na mama zetu mnaotusikiliza kutoka upande wa pili wa pazia. Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, sisi waalimu wa madrasa huulizwa maswali mengi juu ya funga ya mgonjwa. Mwenye kisukari huuliza, mwenye vidonda vya tumbo huuliza, mjamzito na mwenye kunyonyesha nao huuliza, na majibu yao yamekwisha kuelezwa mara nyingi katika darsa na katika kurasa za jarida hili. Lakini yupo mgonjwa mmoja ambaye swali lake halitufikii, kwa kuwa aghalabu hawezi kutembea mpaka msikitini kuliuliza, na pengine ulimi wake nao umekuwa mzito. Huyu ni yule ambaye misuli yake imekakamaa baada ya kiharusi, au baada ya kuumia uti wa mgongo, au tangu alipozaliwa, naye amepewa na daktari vidonge vya kuilegeza. Huyu ndiye tuliyemkusudia leo.

Na tulilolikusudia juu yake ni jambo moja, ambalo tunalitanguliza ili hata atakayeinuka kabla hatujamaliza awe amelichukua. Vidonge hivyo, na hasa vile viitwavyo baklofeni, havikatizwi ghafla. Havikatizwi kwa sababu ya funga, wala kwa kuwa fedha zimekwisha, wala kwa kuwa mgonjwa ameonekana ana nafuu, wala kwa kuwa jirani amesema kwamba hizo ni dawa za kulevya. Mwenye haki ya kuvipunguza ni daktari, naye huvipunguza kidogo kidogo.

Misuli hukakamaa vipi

Ndani ya uti wa mgongo mna mishipa ya fahamu ambayo, kila msuli unapovutwa, huuamrisha ujikaze. Ubongo kwa upande wake hutuma amri za kuzuia, ili kukaza huko kusipite kiasi. Mfano wake ni punda wa mkokoteni na kamba iliyo mkononi mwa mwenyewe: punda ana nguvu zake, lakini kamba ndiyo inayomwendesha kwa adabu. Ubongo ukipata dhara, au njia ya amri zake katika uti wa mgongo ikikatika, kamba inakuwa imekatika. Misuli hubaki ikijikaza bila mzuiaji, mkono ukajikunja kifuani, vidole vikafunga ngumi, miguu ikapishana kama mkasi, na usiku mtu akarushwa miguu na mishtuko ambayo hakuitaka.

Mwaka 1980 daktari wa mishipa ya fahamu wa Australia, James Lance, aliifasili hali hii kwa namna ambayo wataalamu wengi wameitegemea tangu hapo, kwamba ukinzani wa msuli huongezeka kadiri unavyovutwa kwa kasi. Tunawaomba wanaouguza walizingatie sana neno hili, kwani lina faida kubwa nyumbani kuliko linavyoonekana. Anayemvisha mzee kanzu kwa pupa, akauvuta mkono wake kwa nguvu, atauona unazidi kujikunja, kisha atasema mzee ni mkaidi. Lau angeuvuta taratibu, huku akisubiri, mkono ungelegea na kanzu ingeingia. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayenyooshwa miguu ili abadilishwe nguo: kadiri mama anavyoharakisha ndivyo miguu inavyobana. Mtoto huyo hana utundu wala ukaidi katika jambo hilo, na hastahiki kukemewa.

Sababu za hali hii ni nyingi. Kiharusi kinaongoza kwa watu wazima, na nyuma ya kiharusi mara nyingi iko presha isiyotibiwa. Zipo ajali za barabarani, na kwa watu wetu wa pwani wapo wanaoanguka kutoka juu ya minazi na miembe. Yapo maradhi yanayoacha athari katika ubongo, kama homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Na wenzetu wa Tarime wana kumbukumbu ya konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa uliowapata watu huko mwaka 1985 wakati wa ukame, walipokula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa kwa muda wa kutosha kuondoa sumu yake. Hayo yote tumeyataja ili ieleweke kwamba hali hii ina sababu inayojulikana katika mwili, na kwamba haihitaji kutafutiwa mchawi.

Dawa yenyewe

Baklofeni iligunduliwa mwaka 1962 na mkemia Heinrich Keberle wa kampuni ya Ciba ya Uswisi. Ilikusudiwa iwe dawa ya kifafa, lakini kwa kifafa haikufaa, ikaonekana badala yake kwamba inalegeza misuli ya wenye mkakamao. Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1977, na wengi wameijua kwa jina la Lioresal, ingawa katika famasi zetu huuzwa kwa majina mbalimbali. Dawa hii inafanana na kemikali iliyomo mwilini iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza mishipa ya fahamu. Basi ni kama kumrudishia mwenye mkokoteni kipande cha ile kamba iliyokatika.

Kipande tu, wala si kamba nzima. Dawa hii haiuponyi ubongo ulioumia, wala hairejeshi nguvu katika mkono uliopooza. Anayeitumia kwa matarajio kwamba atainuka na kutembea kama zamani atavunjika moyo baada ya mwezi na kuitupa, na huku kuitupa ndiko kunakoleta balaa tutakayoieleza. Lengo lake ni mgonjwa apunguze maumivu, alale usiku bila kurushwa, akae kitini bila kuteleza, miguu ifunguke aweze kusafishwa, na viungo vinyooshwe katika mazoezi. Mazoezi hayaachwi kwa sababu ya vidonge. Msuli usionyooshwa kila siku hufupika, na ukishafupika hakuna kidonge kitakachourefusha.

Mtu mzima kwa kawaida huanzishiwa miligramu 5 mara 3 kwa siku, kisha daktari huongeza miligramu 5 katika kila dozi baada ya kila siku 3, huku akimtazama mgonjwa. Aghalabu kiasi kinachofaa huwa baina ya miligramu 40 na 80 kwa siku, na wapo wanaotosheka na chini ya hapo. Wazee huanzishiwa kwa kiasi kidogo zaidi, na watoto hupimiwa kwa uzito na umri wao. Hapa tunatanabahisha jambo ambalo ni dogo kwa sura lakini limebeba hatari. Kidonge kinachopatikana zaidi ni cha miligramu 10, ndiyo maana anayeanza hupewa nusu kidonge. Lakini viko pia vya miligramu 20 na vya 25. Aliyezoea kumeza kimoja kila mara, akabadilisha duka la dawa na kupewa kisanduku kingine, anaweza kumeza mara mbili ya dozi yake naye akidhani hajabadilisha kitu. Basi isomwe ile namba iliyoandikwa juu ya kisanduku, na asiyejua kusoma amwombe mjukuu wake amsomee.

Dawa hii huleta usingizi, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu wa mwili, hasa katika siku za mwanzo na kila dozi inapoongezwa. Kuimeza pamoja na chakula au maziwa hupunguza kichefuchefu. Anayehisi usingizi asiendeshe gari wala bodaboda, wala asipande ngazi peke yake. Mwenye kutumia dawa za presha ainuke taratibu kutoka kitandani, kwani presha inaweza kushuka akaanguka. Mwenye kifafa, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito na mwenye kunyonyesha, wote hawa wamweleze daktari hali zao kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wenyewe hulishangaa. Mwingine anapoanza kutumia dawa, badala ya kutembea vizuri zaidi anaanza kuanguka. Sababu yake ni kwamba mguu wake ni dhaifu, na ule mkakamao ndio uliokuwa ukimsimamisha kama gongo. Ukilegezwa mno, gongo limeondolewa. Si kila mkakamao unapasa kuondolewa, na huu ni uamuzi unaohitaji daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wamwone mgonjwa akisimama na kupiga hatua, sio kumwandikia dawa akiwa amelala. Na kama ulioshikwa ni mkono mmoja tu, yapo matibabu ya sindano katika misuli ile ile, ambayo hayaulegezi mwili mzima. Gharama yake ni kubwa na hayapatikani kila hospitali, lakini si vibaya mtu akauliza.

Figo, na dawa nyingine za dukani

Sehemu kubwa ya baklofeni hutoka mwilini kupitia figo, ikiwa bado haijabadilika. Kwa hiyo mtu mwenye figo dhaifu akipewa kiasi cha kawaida, dawa hujikusanya katika damu yake. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario, Kanada, juu ya wazee karibu 16,000 wenye ugonjwa wa figo walioanzishiwa dawa hii. Miongoni mwa waliopewa miligramu 20 au zaidi kwa siku, asilimia 1.11 walilazwa hospitali ndani ya siku 30 kwa kuvurugikiwa na ubongo, na kwa waliopewa chini ya hapo ilikuwa asilimia 0.42. Mwenye kisukari cha miaka mingi, mwenye presha ya miaka mingi, na mzee yeyote, ni haki yake kupimwa figo kabla ya kuanza. Na anayesafishwa damu kwa mashine asiimeze kabisa mpaka daktari wake wa figo aseme.

Hapa tunalazimika kusema neno juu ya vidonge vya mgongo na viungo ambavyo watu hununua bila cheti. Diklofenaki na jamii yake, zikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuziumiza figo, na figo zikiumia baklofeni haitoki. Mzee anayemeza baklofeni kwa cheti, kisha kila jioni akajinunulia diklofenaki kwa ajili ya magoti, anajiwekea mtego bila kujua. Tena vile vidonge vya mgongo vilivyochanganywa na dawa ya kulegeza misuli, ambavyo muuza duka huvisifu sana, ni dawa nyingine kwa maradhi mengine. Haviwi badala ya baklofeni pale baklofeni inapokosekana.

Wapo wagonjwa ambao daktari huwapa tizanidini badala ya baklofeni. Hiyo nayo inataka ini lipimwe, na inashusha presha. Mwenye kuitumia asimeze kamwe siprofloksasini, dawa hii ya maambukizi ambayo kila duka la dawa inayo na ambayo watu hujinunulia kwa ajili ya mkojo au tumbo. Siprofloksasini huifanya tizanidini izidi katika damu kwa kiasi cha mara 10, na mtu huyo anaweza kuzimia presha ikiwa imeshuka vibaya. Na kwa kuwa wenye mkakamao hupata maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara, kukutana kwa dawa hizi mbili si jambo la mbali. Diazepamu nayo hulegeza misuli, lakini inazoesha mwili na inalaza mno. Kuichanganya na baklofeni, au na dawa kali za maumivu, bila daktari, ni kucheza na pumzi ya mgonjwa.

Je, ni dawa ya kulevya?

Suala hili huulizwa kwa kunong'ona, nasi tunalijibu kwa sauti. Fuqahaa wametofautisha baina ya kilevi kinachotafutwa kwa starehe na dawa inayotuliza au kuleta usingizi katika tiba. Hiyo ya pili wameiruhusu penye haja, kwa kadiri ya haja. Mgonjwa anayemeza baklofeni kwa cheti na kwa kipimo hana dhambi ya kujitakia, na anayemtia wasiwasi kuhusu vidonge vyake amebeba jukumu zito. Na katika mambo ya ajabu ni kwamba baadhi ya madaktari wa Ufaransa walianza kuitumia dawa hii hii kuwasaidia walevi waache pombe, mpaka nchi hiyo ikaiidhinisha rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2018, kwa masharti na kwa kisichozidi miligramu 80 kwa siku.

Hata hivyo hatukanushi kwamba wapo vijana wanaoitafuta ili wajilevye, na hao huimeza kwa wingi. Kuzidisha dozi huleta usingizi mzito, mwili kulegea kama nguo, pumzi kudhoofika na fahamu kupotea. Wameripotiwa wagonjwa waliozidisha sana mpaka alama zote za uhai wa ubongo zikaonekana kama zimezimika, kisha baada ya siku wakazinduka. Kwa hiyo vidonge hivi vifungiwe, visiachwe dirishani pa mgonjwa ambapo kila mpita njia anavifikia, na watoto wasivione kama pipi.

Kabla ya kuongeza dozi, tafuteni mwiba

Mkakamao uliokuwa umetulia ukizidi ghafla, watu wengi hukimbilia kuongeza kidonge. Wenye ujuzi hufanya kinyume chake: hutafuta kwanza kitu kinachouudhi mwili. Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo huenda hasikii maumivu chini ya kiuno, lakini misuli yake inasikia, na kukaza kwake ndiyo kauli yake. Kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja, maambukizi ya mkojo, choo kilichofunga kwa siku kadhaa, kidonda cha kulalia kilichoanza chini ya makalio, ukucha wa dole gumba ulioingia nyamani, mkanda wa suruali unaobana, hata baridi ya asubuhi: kila kimoja katika hivi kinaweza kuizidisha misuli ukali. Mgonjwa afunuliwe, atazamwe kuanzia kisogoni hadi visiginoni, aulizwe choo na mkojo wake. Mara nyingi kinachohitajika huwa ni kutibu mkojo, na kidonge kinabaki vile vile.

Na kwa kuwa tumetaja kuutazama mwili, tuseme na la mkono uliofunga ngumi. Anayemtawadhisha mgonjwa huyu asizifungue ncha za vidole kwa nguvu. Aukunje kwanza mkono kwenye kifundo kuelekea ndani, na vidole vitalegea kwa kiasi vyenyewe. Kisha avifungue taratibu, aoshe kiganja na baina ya vidole, na akaushe vizuri, kwani ndani ya ngumi hukaa jasho, ngozi ikachubuka na kuoza, na kucha zikachimba kiganja. Udhu mara 5 kwa siku ni fursa ya kukitazama kiganja hicho ambayo wagonjwa wengi duniani hawana.

Inapokatizwa ghafla

Mwili uliozoea baklofeni kwa wiki nyingi hujipanga kwa kuitegemea. Ikiondolewa kwa siku moja, mishipa ya fahamu iliyokuwa imetulizwa hulipuka. Mara nyingi ndani ya siku 1 hadi 3 mkakamao hurudi kwa ukali kuliko wa mwanzo, mgonjwa hukosa usingizi, hutahayari na kuhangaika, mwili huwasha, moyo huenda mbio, jasho na homa kali humpanda. Kisha huweza kuona watu wasiokuwepo na kusikia sauti zisizokuwepo, na kushikwa na degedege. Hali ikizidi, misuli yenyewe huanza kuharibika, figo hushindwa, na mtu hufa. Kwa wale wachache wanaopewa dawa hii kwa pampu iliyopandikizwa mwilini na kuipeleka moja kwa moja katika uti wa mgongo, utaratibu ulioanzishwa na Richard Penn na Jeffrey Kroin huko Marekani mwaka 1984, kukatika kwake ni kwa hatari zaidi.

Sasa tufikiri pamoja, ndugu zetu. Mzee wa miaka 60, aliyekuwa mtulivu kitandani kwake, siku ya tatu ya Ramadhani anaanza kupiga kelele, anaonyesha kidole kwenye kona ya chumba na kusema yupo mtu pale, macho yamemtoka, mwili umekaza kama ubao, unamtetemeka wote. Ni nani katika mtaa wetu atakayeuliza kwanza: je, vidonge vyake vya misuli alimeza lini mara ya mwisho? Tunavyowajua watu wetu, atakayetangulia kuitwa si daktari. Ataitwa mganga na chetezo chake, au kijana wa kusoma ruqya, na saa zitapita, na siku itapita. Sisi hatuikatazi ruqya ya kisharia, na msimamo wetu juu ya waganga unajulikana. Lakini kumsomea mgonjwa hakuzuii gari kuitwa, na msomaji mwenye elimu ndiye anayepasa kuwa wa kwanza kuuliza juu ya dawa. Mgonjwa huyu ni wa dharura, apelekwe hospitali usiku huo huo, na vile visanduku vyake vitupu vipelekwe pamoja naye, ili daktari ajue ni kitu gani kimekatika. Akicheleweshwa mpaka asubuhi pengine hatapatikana wa kupelekwa.

Daktari anapoona ipo haja ya kuiacha dawa, huipunguza hatua kwa hatua kwa muda usiopungua wiki 1 hadi 2, na kwa aliyeitumia miaka mingi huenda ikahitaji muda mrefu zaidi. Na aliyesahau dozi moja aimeze anapokumbuka, isipokuwa kama wakati wa nyingine umekaribia. Hapo aiache iliyompita wala asimeze mbili kwa pamoja.

Funga ya mwezi huu

Tumefika mahali tulipokuwa tunapaendea. Huku kwetu karibu na ikweta, kutoka alfajiri hadi magharibi ni takriban saa 13 na nusu. Baklofeni ni dawa ya muda mfupi. Katika saa 3 hadi 4 nusu yake huwa imekwisha kutoka katika damu, na ndiyo sababu humezwa mara 3 kwa siku. Anayekula daku na kidonge chake, kisha akakaa mpaka futari, kila siku kwa siku 29 au 30, anaukatizia mwili dawa kila mchana. Na yule anayejaribu kulifidia pengo hilo kwa kumeza dozi zote 3 wakati wa futari, huyo anajizidishia usiku kile alichojinyima mchana. Huenda asiamke kula daku.

Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimemwekea mgonjwa ruhusa yake, wala ruhusa hiyo hakupewa ili aombewe na imamu au apigiwe kura na familia. Anayetarajia kupona hulipa siku zake baadaye. Asiyetarajiwa kupona, na wengi katika wagonjwa tunaowazungumzia ni hao, humlisha maskini mmoja kwa kila siku aliyoiacha. Tena wengi katika wanavyuoni wameeleza kwamba anayehofia kuangamia au kupata dhara kubwa kwa funga, haimfalii kufunga. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu wagonjwa wetu wenyewe ndio wagumu. Mzee aliyefunga tangu utotoni huona haya kula mchana mbele ya wajukuu, basi huficha kidonge chini ya mto na kuwaambia watu amekwisha meza. Enyi watoto wake, msimwonee haya, wala msimsifu kwa kujikaza. Mpeni maji na kidonge chake wakati wake, faragha akipenda, na mchana ule ule mpelekeeni maskini chakula kwa niaba yake ili aone kwa macho yake kwamba hakukosa kitu.

Wapo ambao dozi yao ni ndogo, na daktari huenda akaona inawezekana kuipanga baina ya futari na daku, au kuibadilisha taratibu. Huo ni uamuzi wake, na jambo hilo hufanywa wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Leo tuko mwishoni mwa Shaaban. Kwa yeyote ambaye hakumwona daktari mpaka sasa, kauli yetu ni kwamba mwaka huu asibadilishe chochote: aendelee na vidonge vyake kwa nyakati zake, asifunge, na baada ya Idi aende kliniki kuulizia ya mwaka ujao.

Dawa isiishe ndani ya nyumba

Sababu nyingine ya kukatika dawa, ambayo haina uhusiano wowote na Ramadhani, ni ufukara na usahaulifu. Vidonge hununuliwa kwa vipande vya siku tano tano kadiri ya fedha zilizopatikana, na siku ya sita hakuna. Tunashauri kwamba zikibaki dozi za siku 10, hiyo ihesabiwe kuwa zimekwisha, na mtu aende kununua. Asafiriye kwenda shamba au Hijja abebe za kutosha na ziada, katika mkoba wa mkononi, sio katika begi litakalopakiwa chini ya basi au ndege. Na mgonjwa awe na kikaratasi mfukoni kilichoandikwa jina la dawa, kipimo chake, na maneno kwamba isikatizwe ghafla. Hata akilazwa kwa maradhi mengine, jamaa zake wamwonyeshe muuguzi kikaratasi hicho, kwa kuwa hospitalini nako dawa ya nyumbani inaweza kusahauliwa.

Kamati ya msikiti imekubali kwamba sehemu ya mfuko wa wagonjwa itengwe kwa ajili ya wale ambao dawa zao zikikatika huleta hatari, wenye kifafa na hawa tuliowazungumzia. Wenye wagonjwa wa namna hii majumbani mwao, wanaume kwa wanawake, tunawaomba wabaki baada ya swala ya magharibi waandikishe majina, aina ya dawa na idadi ya vidonge vilivyobaki, ili tujue nani anunuliwe kabla mwezi haujaandama. Mwenye kuwa na kisanduku nyumbani na alete kifuniko chake, maana majina ya dawa hizi yanafanana na hatupendi kununua isiyo yenyewe.